Vibali Vinne vya Pongo

CORNEL: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?

JOVITUS: Umenipigia wewe, shemeji, halafu unaniuliza mimi.

CORNEL: Jovitus? Mbona sauti inatoka kama umefungiwa ndani ya pipa?

JOVITUS: Ni VPN. Bila hiyo WhatsApp huku Guangzhou haifunguki, na yangu leo imeamka vibaya. Habari za huko? Dada yangu hajambo?

CORNEL: Dada yako hajambo, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, wote hawajambo mpaka Jumapili. Uko wapi?

JOVITUS: Liuhua, soko la viatu, hapa karibu na stesheni. Huyu mama mwenye duka, laobani wangu, amenikazia macho. Wakala wa mizigo kule Tianxiu anafunga kontena leo, na mimi bado —

CORNEL: Achana na viatu. Nimetoka ukumbini, niko nyuma ya choo.

JOVITUS: Unaumwa?

CORNEL: Siumwi. Ni mkutano wa wawindaji. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, amekuja na mgawo wa vibali vya msimu.

JOVITUS: Leo? Si mlisema mwezi ujao?

CORNEL: Amekuja leo. Yule mpya, Zubeir. Amesimama, amevaa miwani, amesoma karatasi. Mwaka jana tulipewa vibali kumi vya kuwinda pongo. Mwaka huu vinne.

JOVITUS: Vinne?

CORNEL: Vinne, wilaya nzima. Kila pori kibali kimoja, dume tu, jike haguswi. Na kwa zamu ya orodha wewe ni —

JOVITUS: Wa tano. Najua mimi ni wa tano. Cornel, nimeshakata tiketi. Misimu mitatu zamu yangu inasogezwa. Mara nipo safarini, mara hati ya bunduki imeisha muda, mara sijui nini. Safari hii nilisema hata dunia ipinduke.

CORNEL: Ndiyo maana nimekupigia. Ukumbi umechafuka. Zubeir anasema wamehesabu kwa ndege, pongo wamepungua. Erastus akasimama, akasema ndege ilipita mbio kama imeiba kitu, na pongo hujificha kichakani, sasa walihesabu nini, vichaka? Akasema maharage ya mkewe yanaliwa kila siku, na anayeyala si ndege.

JOVITUS: Erastus huyo maharage yake yanaliwa na mbuzi wake mwenyewe.

CORNEL: Agape naye ndiye ametuharibia kabisa. Mhazini wetu huyo, kasimama mbele ya mgeni anasema ni kweli, wamepungua, mwaka mzima yeye hajaona hata kinyesi. Erastus akamwambia hajaona kwa sababu haendi porini, anaenda kanisani. Walikaribia kushikana.

JOVITUS: Na wewe mwenyekiti ukasemaje?

CORNEL: Nikawatuliza. Nikasema, waheshimiwa, sisi si watu wa maneno matupu. Sisi tuna kamera.

JOVITUS: Umewaambia habari za kamera?

CORNEL: Nikamwambia Zubeir, tuna shemeji yetu Guangzhou, amenunua kamera za porini, tumezifunga kwenye miti kule pori la Kabanyoro, mnyama akipita inapiga yenyewe na picha inaruka moja kwa moja mpaka kwenye simu yake China. Ukumbi wote ukapiga makofi. Zubeir akavua miwani. Akasema nikimwonyesha kundi la kweli, karatasi hii anairudisha mkoani na anatuombea vibali vyetu kumi. Sasa tuma picha.

JOVITUS: Picha gani?

CORNEL: Za pongo, shemeji. Au kamera zinapiga nini?

JOVITUS: Zinapiga kila kitu. Ng'ombe wako wamo. Mama Jacinta na kuni zake yumo, amepigwa picha nyingi kuliko siku ya harusi yake.

CORNEL: Tuma zote. Usichague, utachelewa.

JOVITUS: Zote?

CORNEL: Zote, nimesema.

JOVITUS: Hata ile ya alfajiri, ya kabla ya Pasaka?

CORNEL: Alfajiri ndiyo wanatoka. Tuma.

JOVITUS: Ile yenye mtu.

CORNEL: Mtu gani?

JOVITUS: Sijui. Uso hauonekani. Amevaa koti la mvua.

CORNEL: Watu wengi wana makoti ya mvua.

JOVITUS: La njano. Lenye mistari inayong'aa mgongoni, kama ya askari wa trafiki wa huku. Nililibeba mwenyewe kutoka Liuhua, nikampa mtu mmoja tu huko kwetu. [mtandao unakwaruza] Haloo?

CORNEL: [kwa sauti ya chini] Endelea.

JOVITUS: Begani amebeba kitu. Kina miguu minne, na kichwa kinaning'inia.

CORNEL: Huenda ni mtu wa wilaya jirani. Wale huvuka.

JOVITUS: Anatembea mguu mmoja ameutupa nje, hivi.

CORNEL: Wapo wengi wanaotembea hivyo.

JOVITUS: Msimu ulikuwa umefungwa, Cornel. Na dada akanitumia picha ya sahani, akasema mbuzi ametoka laini ajabu.

CORNEL: Ilikuwa kipaimara cha mtoto, shemeji. Watu walikuwa wengi.

JOVITUS: Mimi sijasema neno.

CORNEL: Na usiseme. Basi chagua. Tuma za pongo tu, wale wanaokunywa maji. Uliniambia mwenyewe kila siku wanapita.

JOVITUS: Nilikuambia kila siku — ngoja. [mbali na simu] Laobani, namba arobaini na mbili. Arobaini na mbili. [anarudi] Ananiambia mei yo. Hakuna. Kila ninachotaka mei yo, nisichotaka kimejaa dukani.

CORNEL: Jovitus, nasikia wananiita.

JOVITUS: Nilikuambia kila siku anapita. Sikusema wanapita.

CORNEL: Si ni yale yale?

JOVITUS: Si yale yale hata kidogo. Ulimwambia Zubeir wako wangapi?

CORNEL: Sikutaja idadi. Nilisema kundi. Nilisema kundi kubwa.

JOVITUS: Kundi la nani? Ni mmoja.

CORNEL: Mmoja vipi? Wewe una picha simu nzima.

JOVITUS: Simu nzima, na zote ni zake. Sikio la kushoto limechanika. Anakuja kutoka kusini, sikio limechanika. Anakuja kutoka kaskazini, sikio limechanika. Mwanzo nilifurahi kama wewe, nikasema Kabanyoro imejaa. Kisha siku moja nimekaa kwa wakala nasubiri, nikazikuza picha moja moja. Dume yule yule. Mara anakunywa, mara anajikuna kwenye mti uliofungwa kamera, mara amesimama tu anaitazama. Hakuna jike. Hakuna ndama. Jike nimemwona mara moja tu, shemeji, na alikuwa begani kwa mtu.

CORNEL: Sikujua ni jike. Kulikuwa na ukungu.

JOVITUS: Sawa.

CORNEL: Usiniambie sawa kwa sauti hiyo.

JOVITUS: Nina sauti moja tu.

CORNEL: Sikiliza. Zubeir ni mtu wa mjini, hatakagua masikio. Tuma picha ishirini, mwambie huyu ni huyu na yule ni yule. Vibali vyetu kumi vinarudi, wewe wa tano umo ndani. Unakuja, unawinda, unakula nyama ya pori, unarudi China umenenepa. Hutaki?

JOVITUS: Nataka. Nataka sana, ndiyo maana nimenyamaza wiki mbili nzima. Unafikiri nilikuwa nangoja nini? Nilijua nikisema, mimi wa tano nimekwisha.

CORNEL: Basi tuma.

JOVITUS: Lakini nimemzoea.

CORNEL: Nani?

JOVITUS: Huyo pongo.

CORNEL: [anacheka] Shemeji, huko wanakulisha nini?

JOVITUS: Cheka tu. Mimi huku nalala chumba kisicho na dirisha. Nikiamka kitu cha kwanza nashika simu, namtafuta. Siku asipopita sina raha, nauza vibaya, nagombana na watu. Akipita namsalimia. Ndiyo, namsalimia, kwa Kihaya. Wenzangu kule Xiaobei ninakolala wanafikiri nina mwanamke nyumbani ananitumia picha.

CORNEL: Kwa hiyo unataka kibali cha kumpiga rafiki yako.

JOVITUS: Ndilo linaloniumiza. Wakirudisha kumi, mko watu kumi na bunduki kumi mnamtafuta pongo mmoja.

CORNEL: [mbali na simu] Nakuja, nakuja. Nipo na China. [anarudi] Wananitaka nirudi. Zubeir ameshika kalamu. Nipe tatu tu, Jovitus. Tatu zisizoonyesha sikio la kushoto. Mimi hapo nitajipanga.

JOVITUS: Cornel —

CORNEL: Kwa heshima ya dada yako.

JOVITUS: Dada umemwingizaje hapa?

CORNEL: Tuma.

JOVITUS: [anashusha pumzi] Haya. Natuma. Ngoja, VPN inazunguka. Inazunguka. Haya, zinapanda.

CORNEL: Sijaona kitu.

JOVITUS: Zinapanda, subiri.

CORNEL: Bado sijaona. Lakini ukumbini kuna — ngoja.

JOVITUS: Kuna nini?

CORNEL: Simu za watu zinalia. Zote. Ting, ting, ting. Jovitus, umetuma wapi?

JOVITUS: Kwako.

CORNEL: Kwangu hakuna kitu. Ngoja, zimeingia kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu.

JOVITUS: Kundi la chama lina nani siku hizi?

CORNEL: Wanachama wote. Na Agape alimwingiza Zubeir juzi.

JOVITUS: Hilo sikulijua.

CORNEL: Hizi si tatu. Hizi haziishi. Mama Jacinta na kuni. Ng'ombe wangu. Futa.

JOVITUS: Nafuta.

CORNEL: Futa upesi, ile ya koti haijafika bado.

JOVITUS: VPN imeganda. Simu yako inapita, kufuta hakupiti.

CORNEL: Inawezekanaje?

JOVITUS: Huku kila kitu kinawezekana isipokuwa unachotaka.

CORNEL: Imefika.

JOVITUS: Pole.

CORNEL: Ukumbi umenyamaza. Erastus peke yake ndiye anacheka, namsikia mpaka huku chooni. Ulikosea kweli, au ulifanya makusudi?

JOVITUS: Wewe na kundi mmefuatana hapo juu. Kidole kiliteleza.

CORNEL: Kiliteleza kikachagua picha zote?

JOVITUS: Mikono ina jasho, shemeji. Huku kuna joto.

CORNEL: Nitakutana na wewe uwanja wa ndege. Ngoja, wananiita. Usikate. [mtandao unakwaruza; kelele za watu mbali]

JOVITUS: Cornel? Shemeji? [mbali na simu] Laobani, subiri. Ndiyo, nakuona. Subiri kidogo. [anarudi] Cornel?

CORNEL: Nipo. Nimerudi nyuma ya choo.

JOVITUS: Amesemaje?

CORNEL: Ameniuliza koti ni la nani. Kila mtu kanitazama, basi hilo likawa jibu. Faini nitajua baadaye. Kwa sasa nimefungiwa misimu miwili, na uenyekiti nimeuacha mezani pamoja na muhuri.

JOVITUS: Pole, Cornel. Nasema kweli, pole.

CORNEL: Dada yako atakupigia simu usiku kucha leo, jiandae. Sasa nisikilize, muda hatuna. Zubeir amezikuza picha. Amekagua masikio.

JOVITUS: Si ulisema ni mtu wa mjini?

CORNEL: Amesema, mheshimiwa mwenyekiti, kundi lako lina sikio moja. Watu wamecheka mpaka Agape kacheka. Vibali kumi havirudi tena. Vinabaki vinne.

JOVITUS: Basi yamekwisha.

CORNEL: Hayajaisha. Kibali cha Kabanyoro kilikuwa changu. Mimi nimetoka, kinashuka kwa anayefuata. Watatu wa mbele wana mapori yao tayari. Anayefuata ni wewe. Hongera, umepata.

JOVITUS: Dume mmoja, pori la Kabanyoro.

CORNEL: Ndiyo.

JOVITUS: Dume yupi?

CORNEL: Shemeji, kwani wako wangapi?

JOVITUS: Mwambie afute kibali hicho. Ameona mwenyewe yuko mmoja.

CORNEL: Nimemwambia. Anasema karatasi zimeshapigwa muhuri wa mkoa, kuongeza huombwa lakini kupunguza hakuna, yeye kazi yake ni kuandika jina tu. Lazima jina liandikwe leo.

JOVITUS: Na mimi nikikataa?

CORNEL: Anayekufuata ni Erastus.

JOVITUS: Erastus.

CORNEL: Ameshaanza kuuliza picha zimepigwa mti gani. Na Erastus hakosi, unamjua.

JOVITUS: Namjua. Kibali kikiwa na jina langu, mwingine anaweza kukitumia?

CORNEL: Hawezi. Wewe tu. Usipowinda, msimu ukifungwa kimekufa.

JOVITUS: Pori zima?

CORNEL: Pori zima. Atakayepiga bunduki Kabanyoro bila wewe ni jangili, na kamera zako zipo pale.

JOVITUS: Basi nichukulie.

CORNEL: Utakuja kuwinda?

JOVITUS: Nichukulie kwanza.

CORNEL: Misimu mitatu umeililia nafasi hii. Utakuja kukaa nayo mfukoni?

JOVITUS: Cornel, mwambie Zubeir aandike Jovitus, kwa herufi kubwa. Erastus yuko mbali na hiyo meza?

CORNEL: Yuko karibu sana. Ameketi pembeni ya Zubeir, anamwazima kalamu.

JOVITUS: Basi unafanya nini chooni, shemeji? Kimbia.

CORNEL: Mguu wangu unaujua —

JOVITUS: Kimbia nao hivyo hivyo. Msalimie dada. Haloo? Cornel, unakimbia? Cornel —

[simu imekatika]