Yai Moja, Vipande Vinne

Benchi lile lilikuwa refu la kutosha watu wanne, likiegemea ukuta wa duka la vitambaa ambalo mwenyewe alilifunga zamani. Penye jiko la mkaa alikaa muuza kahawa, aliyeitwa Mjomba na kila mtu ingawa hakuwa mjomba wa yeyote. Kando yake alikaa Gazeti, karani mstaafu wa masjala, mtu wa kusoma habari zote na kuwasahihisha waliozitoa. Kisha Pancha, fundi baiskeli. Mwisho kabisa alikaa Dakika, fundi saa, ambaye angeweza kumaliza vikombe vitatu bila kusema neno. Alasiri hiyo Dakika ndiye aliyeanza mazungumzo, na hilo peke yake likawafanya wenzake washushe vikombe.

— Mayai ya kienyeji siku hizi bei gani?

— Moja kwa bei ya mawili ya dukani, alijibu Mjomba. Yule mama wa shamba yuko pale kona na kikapu chake. Kwani kuna mgonjwa?

— Mama watoto. Damu imepungua. Muuguzi kasema yai kila siku, mboga za majani, unga usiokobolewa. Vyakula vya asili vitupu.

— Yai moja? Pancha alicheka. Bwana we, hata mimi na viraka vyangu yai moja naliweza. Nenda kanunue!

— Nilinunua juzi.

— Ikawaje?

Dakika alizungusha kikombe kiganjani.

— Akalichemsha, akalimenya, akalikata kwa uzi vipande vinne. Watoto watatu na yeye. Halafu kipande chake akampa mdogo. Akasema ameshiba.

Pancha aliacha kucheka. Dakika alikuwa amefanya hesabu tangu juzi: ili mkewe ale yai moja, lazima nyumbani yaingie manne, na pesa ya saa anazotengeneza haifiki huko.

— Kosa ni la maduka, Gazeti alitangaza. Babu zetu hivi vyote walikula bure. Nafaka nzima, bure. Maziwa, bure. Siku lilipofunguliwa duka la kwanza, ndiyo siku chakula kilipoanza kuuzwa.

— Bure wapi, mzee? Babu yangu alilima mpaka mgongo ukapinda kama usukani wa baiskeli.

— Mgongo hauuzwi dukani.

— Ndiyo maana hakupata mwingine!

Mjomba aliwamiminia tena. Pancha alipiga funda moja, macho yakamng'aa.

— Sikilizeni. Tununue mitetea, sisi wanne. Mmoja mmoja. Tuwafuge nyuma ya karakana yangu, mayai yaende kwa Dakika mpaka shemeji apone.

— Kuku hatagi kila siku, alisema Mjomba.

— Basi minane! Na juu ya paa hili tupande mboga.

— Juu ya bati, kijana? Gazeti aliuliza.

— Tunapandisha udongo. Mbolea si itatoka kwa kuku?

— Hapo sasa unaongea. Gazeti alivua miwani. Na ukishapandisha udongo, kwa nini usipandishe na mbuzi wa maziwa? Mbuzi anapanda popote. Katiba ya ushirika nitaandika mimi. Mwenyekiti, katibu, kamati ya malisho...

— Atapandaje huyo mbuzi?

— Kutakuwa na kamati ya ngazi.

Hata Dakika alitabasamu. Kwa muda mfupi aliyaona kweli: bakuli mezani, mayai manne ndani yake, na uzi umerudi kwenye kikapu cha kushonea.

— Hao kuku watakula nini? aliuliza Mjomba, bado anapuliza mkaa.

— Mabaki, Mjomba. Kuku wa kienyeji hanunuliwi chakula. Ukoko, makombo, chakula kilicholala.

— Ya nyumba ipi?

Pancha akaanza kukagua grisi kwenye kucha zake. Gazeti alivaa miwani tena.

— Mimi na bibi yangu tunapika kidogo, alisema polepole. Kidogo sana.

Kwa Dakika sufuria hurudi jikoni limekombwa kwa vidole. Siku zote alidhani ni kwake tu. Akawatazama wenzake, akainuka, akaenda kona. Alirudi na yai moja ndani ya leso.

— Mjomba, nichemshie kwenye kisufuria chako. Na wewe Pancha, tafadhali nipitie nyumbani. Mwambie shemeji yako namwita. Aje peke yake. La yai usiliseme.

— Nimekuelewa, kaka.

— Utamlisha hapa? Gazeti alishangaa. Kijiweni, mbele ya wanaume?

— Hapa hakuna watoto.

Mkewe alikuja nyuma ya Pancha, povu la sabuni mikononi, akasimama mara mbili njiani kutafuta pumzi. Gazeti alisogea mpaka ukingoni mwa benchi.

— Karibu shemeji, kaa.

— Baba watoto, kuna nini?

Dakika alikuwa anamenya, kwa vidole vilivyozoea skurubu ndogo kuliko punje ya mchele, na yai likatoka bila mkwaruzo. Mjomba akalinyunyizia chumvi. Dakika akaliweka kiganjani mwa mkewe.

— Hili ni lako. Lote. Ulile hapa, ndipo urudi.

Mwanamke alilitazama yai, akawatazama wanaume watatu ambao ghafla walikuwa na shughuli ya kuangalia barabara. Hakukasirika. Alilipeleka mdomoni, akalishusha.

— Nikifika wakaniuliza, mama ulikwenda wapi, niwaambie nini?

Gazeti alianza kukunja kurasa za gazeti lake, moja moja. Mjomba aliinamisha birika juu ya kikombe, halikutoa kitu. Dakika alibaki ameshika maganda, macho yake kwenye mkono wa mkewe, akisubiri ale.