Nambari Moja Ikae Mfukoni

Nyinyi wasimamizi wa zahanati mlioondoa sanduku la vibao vya foleni dirishani kabla mwenyewe hajaaga, haya hamna? Mtu bado yupo, mmeshaweka kiti cha sponji cha "wageni wa heshima" mahali pake! Someni haya, kisha mjitazame.

Mzee Vibao, mpokea wagonjwa wa zahanati yetu, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na miwili. Mimi mfua mashuka nilimkuta hapa, na namwacha aende roho ikiniuma.

Alipoanza kazi, aliyekuja na gari aliingia moja kwa moja. Aliyekuja kwa miguu aliambiwa asubiri, akasubiri hadi akasahau anaumwa wapi. Mzee akachukua mlango wa kabati bovu, akaukata vibao hamsini, akavichora nambari kwa msumari wa moto. Kuni tu zile. Lakini ukishakishika chako, hakuna mkubwa wa kukupita. Nambari moja hakuichanganya na nyingine. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, ya yule atakayeletwa hoi.

Siku moja akaja mkubwa mmoja na dereva wake. Mzee akamtazama dereva, macho ya njano, miguu inatetemeka, akampa nambari moja. Mkubwa akafoka: unanijua mimi ni nani? Mzee akajibu kwa adabu zote kwamba anamjua sana, yeye ni thelathini na nane. Benchi zima likacheka, hata wenye koo bovu. Dereva alilazwa siku tisa, akapona.

Msidhani mimi alinipendelea. Nilikwenda na jino langu, nikijua naenda kwa mwenzangu, akanipa ishirini na mbili. Nilimnunia miezi miwili, mashati yake ya kazi nikayarudisha na mikunjo. Siku mjukuu wangu alipoishiwa pumzi, mkono wa Mzee ulishafika mfukoni kabla sijafungua mdomo. Jioni ile nilipiga pasi mashati yote upya.

Asante, Mzee wetu. Nenda kapumzike, na uzee wako uwe mwepesi. Mkeo naye akupe nambari unayostahili.

Na nyinyi: kiti hicho kipelekeni kwa wajawazito. Sanduku lirudi dirishani kesho kabla mlango haujafunguliwa. Nambari moja ikae mfukoni mwa atakayemrithi. Mashati nayafua mimi, nitakagua.