Kola Zilizokatwa kwa Picha ya Mgongo

Ndugu, jamaa na majirani, kila saa nane ya usiku cherehani ya marehemu ilikuwa inalia, trrr, trrr, mkawa mnasema mama huyu hana mchezo na kazi, kumbe hapakuwa na kitambaa wala uzi, alikuwa anakanyaga tu ili mlio wa chuma umeze mlio wake mwenyewe, maana mgongo ulimkatalia kulala chali.

Marehemu, mliyemwita Mama Kola, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1983 akiwa wa pili darasani, sekondari wakapelekwa kaka zake, nao wapo hapa, wamekaa viti vya mbele.

Mwaka 1986 aliajiriwa kiwanda cha sare za shule, chumba cha kola, akakaa miaka thelathini na mmoja juu ya stuli isiyo na egemeo, na siku alipoomba kiti, msimamizi alimjibu mbele ya wenzake kwamba viti vya kuegemea ni vya bibi harusi, watu wakacheka, naye akacheka, akarudi kuinama. Aliolewa na dereva wa lori tarehe 14 Juni 1991, wakajaliwa binti mmoja tu, mumewe akafariki mwaka 2009.

Kiuno kilianza kumsumbua mwaka 2016, mwaka uliofuata akaacha kiwanda, akawa anashona barazani kwake, akajichua, akameza vidonge vya dukani, kila mtu akamwambia ni umri huo, hata bintiye. Tarehe 3 Februari 2023 alipigwa picha ya uti wa mgongo hospitali ya wilaya, akampa bintiye majibu amsomee kwa sababu ndiye aliyefika sekondari, na binti, mimba ya miezi minane tumboni, akaona pameandikwa uvimbe kwenye mfupa, arudi ndani ya wiki mbili, akasema haraka haraka ni uchakavu tu mama, si kitu, akijidanganya kwamba atamweleza vizuri akishajifungua. Marehemu alichukua majibu yake, akamwambia, basi kama si kitu, usimwambie mtu.

Picha yenyewe, ile plastiki nyeusi, akaikata umbo la kola, akawa anaiweka juu ya kitambaa na kuifuatisha kwa chaki, kwa hiyo watoto wenu wengi wamevaa shingoni mgongo wake.

Mjukuu alizaliwa tarehe 11 Machi, binti akanyamaza, akanyonyesha, akanyamaza. Oktoba miguu ya marehemu ikafa ganzi, daktari akauliza mlikuwa wapi tangu Februari, na marehemu akawahi kujibu kwamba yeye ndiye aliyesahau, akamfichia mwanawe hadi hapo. Alifariki tarehe 22 Novemba 2023, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, hawakuchelewa wao, na wauguzi waliomgeuza kila baada ya saa mbili, na majirani waliotuchotea maji, na wafanyakazi wa kiwanda, pamoja na msimamizi aliyeleta jana viti hamsini vya kuegemea, mmevikalia.

Lala chali sasa, Mama, upumzike, uliniambia nisimwambie mtu, nimewaambia hawa waliokuja kukuzika, mwingine simwambii.