Kitanda Kilichotangulia

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya karakana ya seremala, ubavuni mwa kinyozi. Mimi ndiye muuza kahawa. Wananiita Birika, na jina langu la kuzaliwa nadhani hata mke wangu ameanza kulisahau. Wateja wangu wa asubuhi ni wale wale. Yuko Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata kuku. Alikuwa mlinzi wa geti la hospitali mpaka alipostaafu, na udaktari wake aliupata kwa kuwafungulia wagonjwa. Yuko Kocha, yule kinyozi, anayenyoa kwa mdomo zaidi kuliko kwa mashine. Na yuko Msumari, mwenye karakana, fundi hodari na mtu mwema, ila hana kifua cha kutunza siri kabisa. Asubuhi hiyo Msumari alikuwa amekaa mwisho wa ubao, kikombe mkononi, hanywi. Nyuma yake, ndani ya karakana, kitanda cha mtoto kilikuwa kimefunikwa shuka. Mkewe aliondoka nyumbani Jumapili, na mimba yake changa, akaenda kwa dada yake. Sisi tulikuwa tunatafuta sababu, ingawa sababu ilikuwa imekaa pale pale kwenye ubao inakunywa kahawa.

Kocha: Bado hapokei simu?

Msumari: Anapokea dada yake. Anasema amelala.

Daktari: Saa hizi?

Msumari: Kila nikipiga, amelala.

Kocha: Huyo halali. Anakukwepa.

Mimi: Kocha, ungekuwa unanyoa vizuri kama unavyochoma watu, ungekuwa na saluni tatu.

Daktari: Tulieni, hili suala ni la kitaalamu. Mimba changa inabadilisha pua. Nimewaona wengi pale getini. Mwanamke anafika na mumewe, anamwambia mume akasimame ng'ambo ya barabara. Ile pua inanusa mpaka mawazo.

Kocha: Mawazo?

Daktari: Mawazo. Mwanamume akiwaza ujinga, mwanamke anasikia harufu.

Kocha: Basi wangeshatukimbia wote.

Msumari: Si pua.

Daktari: Ni pua, bwana. Wewe unanuka vanishi toka nyweleni mpaka kwenye soksi. Oga maji ya ndimu, uvae shati jipya, uone kama hatarudi.

Kocha: Pua ni kisingizio. Mimi nasema ni mbao. Msumari, mbao za kile kitanda ulizitoa wapi?

Msumari: Kwenye kizimba cha zamani cha mahakama. Waliniita niwatengenezee kipya, wakaniachia kile. Mbao ngumu, siku hizi huzipati.

Kocha: Mmemsikia? Kizimba! Wezi wameziegemea, waongo wameziapia, halafu unamwekea mtoto. Mtoto alipohisi kitanda kinakuja, akamwambia mama yake tuhame, hapa naanza maisha na kesi.

Daktari: Mtoto wa ukubwa wa harage anahisi kizimba?

Kocha: Anahisi. Tena anakikataa. Anajua pa kwake ni kwenye meza ya mbele, kwa mawakili.

Daktari: Hapo nakubali. Huyo ni wakili.

Kocha: Wakili! Hongera, Msumari, mtoto tumeshampangia na kazi. Mpelekee mama yake habari hiyo, atarudi mbio.

Tulicheka, tena tulicheka sana. Msumari hakucheka. Aliweka kikombe chini, akajifuta viganja kwenye suruali, na Kocha, ambaye huwa haoni uso wa mtu mpaka aushike kwa kunyoa, safari hii akauona.

Msumari: Aliniomba kitu kimoja tu.

Kocha alimsogelea.

Msumari: Alisema, mume wangu, safari hii tukae kimya mpaka tuvuke mwezi wa nne. Usimwambie mtu, hata mama yangu sijamwambia. Usinunue hata soksi. Nikasema sawa. Nikaapa.

Kocha: Kwa nini mpaka wa nne?

Msumari: Ile ya mwaka jana ilitoka wa tatu. Si mnakumbuka?

Tulikumbuka. Yaani tulikumbuka karakana ikifungwa na Msumari akirudi amekonda, tukampa pole, tukamsogezea kikombe. Kwetu sisi jambo liliishia hapo.

Msumari: Mimi mlinipa pole hapa, nikanywa kahawa, nikarudi kwenye randa yangu. Yeye alibaki na zile nguo. Watu walikuwa wameshaleta vitu, nguo za kichanga, mashuka, mpaka beseni. Alifua kila kitu, akapiga pasi, akavirudisha mlango kwa mlango. Kila mlango anashukuru, anawaambia wampe mwingine atakayehitaji. Mimi sikujua. Jirani ndiye aliyekuja kuniambia, baadaye sana.

Daktari: Alizunguka peke yake?

Msumari: Peke yake.

Daktari alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba ameangusha kitu humo, akaivaa tena.

Acha niseme jinsi siri ilivyotoka, maana kila mmoja pale ana toleo lake linalomsafisha. Msumari alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kwa kuchekesha. Alianza kuchonga vijiti vyembamba vya urefu mmoja, anavipiga msasa mpaka vinateleza. Kocha akamuuliza ni vya nini, akasema ni vya banda la kuku. Daktari akasema kuku gani wa kupakiwa vanishi. Yule bwana akacheka, uso wote ukafunguka, na basi, tukajua. Tuliahidi kwamba neno halitoki kwenye ubao ule. Kocha alimwambia mteja mmoja tu. Daktari alimwambia mkewe tu. Mimi nilimwambia anayeniuzia sukari tu. Jumamosi ilipofika, mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa mama mzazi wa yule mwanamke, na siku hiyo hiyo Kocha akaja na wazo la kukipeleka kitanda nyumbani kwa shangwe.

Kocha: Wazo lilikuwa zuri.

Mimi: Lilikuwa zuri kwetu.

Kocha: Usijitoe, Birika. Uliacha kahawa yako ukashika mguu mmoja wa kitanda.

Mimi: Nilishika. Nani amekataa?

Daktari: Na filimbi alipuliza nani?

Kocha: Nilipuliza mimi, lakini aliyewaita majirani watoke nje ni wewe, na sauti yako ya getini.

Msumari: Aliyewaruhusu ni mimi. Acheni.

Siku ile mlango aliufungua mke wa Msumari mwenyewe, kitambaa kibichi amekishika mdomoni. Alikitazama kitanda. Akawatazama wanawake wa nyumba za jirani waliokuwa wanapiga vigelegele, wengine wao ni wale wale aliowarudishia nguo. Mwisho akamtazama mumewe. Nilingoja atufokee. Alishusha kitambaa, akasema, "Karibuni." Akaingia ndani, akatoka na trei ya maji, kila mtu glasi yake, akatuhudumia mmoja mmoja huku jasho linamtoka kwenye paji la uso. Daktari aliomba glasi ya pili, na akapewa. Laiti angetufukuza. Nimetukanwa na wateja miaka mingi na nalala usingizi wangu vizuri, lakini yale maji bado yamenikaa kooni. Kesho yake aliondoka na mkoba mdogo, na Msumari akakirudisha kitanda karakana, amekibeba mwenyewe kichwani, bila filimbi.

Daktari: Mimi siku ile nilikuwa na kiu kweli.

Kocha: Nyamaza, Daktari.

Msumari: Kinachoniuma ni kwamba sikuona kama ni kosa. Nilifurahi tu. Nilitaka na mwingine aone.

Kocha: Kufurahi si dhambi, ndugu yangu.

Msumari: Ilikuwa furaha ya watu wawili, nimeimaliza yote mimi. Yeye nimemwachia woga.

Maneno hayo yalitukalia vibaya, na sisi kitu kikitukalia vibaya tunakimbilia kupanga mipango.

Kocha: Basi twendeni tukaombe radhi. Sote. Tuunde kamati kabisa, mimi niwe msemaji.

Daktari: Mimi nitazungumzia upande wa afya.

Kocha: Tupange mstari mlangoni. Nikisema "tumekosa", nyote mnaitikia.

Daktari: Tuitikie mara moja au mara tatu?

Kocha: Mara tatu ina uzito.

Msumari: Msije. Nawaomba, msije.

Ndipo alipotokea mwanamke mmoja kutoka upande wa barabara, anatembea haraka, amevaa koti jeupe la kazi la kiwanda cha mikate. Msumari alisimama hata kabla hajafika. Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, yule anayepokea simu.

Msumari: Shikamoo, dada.

Dada: Marahaba. Hamjambo nyote.

Kocha alisogea, akafuta ubao kwa taulo la kunyolea.

Kocha: Karibu, dada. Karibu kahawa.

Dada: Asante, sikai, nachelewa kazini. Nimepitia kuuliza kitu kimoja.

Msumari: Anaendeleaje?

Dada: Anatapika. Tangu juzi hakuna kinachokaa tumboni, hata maji yanarudi. Jana kliniki wamesema akishinda hivi na leo, watamlaza wamwekee dripu. Usitoe macho hivyo, shemeji. Mtoto yupo. Mpaka sasa yupo.

Msumari alishika fremu ya mlango wa karakana yake. Nilitaka kumpa kikombe, nikaona haya.

Dada: Sasa mimi nataka kujua, kule nyumbani asubuhi alikuwa anakula nini? Kuna kitu lazima kilikuwa kinakaa, maana wiki zote hizo alikuwa anasimama. Nikimuuliza mwenyewe anasema chochote tu, usijisumbue. Si unamjua alivyo.

Daktari: Mpe tangawizi.

Dada: Nimempa. Imerudi.

Kocha: Ndimu na chumvi kidogo.

Dada: Imerudi pia. Jamani, siulizi dawa. Dawa nimeambiwa na kila mtu. Nauliza alikuwa anakula nini.

Alimgeukia Msumari. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa mtu anayetaka jibu awahi kazini, jioni apite dukani.

Msumari: Asubuhi... Asubuhi mimi natoka mapema. Nakuja hapa.

Dada: Na ukirudi?

Msumari: Nikirudi nakuta ameshakula. Nakuta vyombo vimeoshwa.

Dada: Kwa hiyo hujawahi kumwona akila?

Msumari: Nimemwona. Nimemwona, dada. Nipe dakika moja.

Akampa. Akasimama pale, mkoba begani, akisubiri kwa adabu, na sisi tukamtazama Msumari akijaribu kukumbuka. Alifumba macho. Midomo yake ikawa inataja vitu bila sauti, mkate, uji, viazi, ndizi, na kila alichokitaja alikiacha, akatafuta kingine. Kocha alikuwa amekunja lile taulo, analikunjua, analikunja tena.

Dada: Basi ukikumbuka, nipigie. Mchana napokea.

Akatuaga vizuri, mmoja mmoja, akaondoka kuwahi zamu yake. Alikwishakata kona, na Msumari alikuwa bado amesimama mlangoni, macho ameyafumba, anajaribu.