Kura ya Mama Spika

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Spika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, binti wa kwanza wa seremala na mkunga, na mimi mdogo wake ninayewasomea haya nilimfuata miaka mitatu baadaye, nikakuta maamuzi yote ya nyumbani ameshayachukua.

Alisoma hadi sekondari, akahitimu mwaka 1977, akajifunza kupiga chapa, na Februari 1979 akaajiriwa ofisi ya halmashauri, ambako hadi anastaafu mwaka 2014 alikuwa akichapa mihtasari ya vikao, hoja za wengine, huku za kwake zikimkaa rohoni. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi umeme, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto wanne.

Tukadhani sasa atatulia alee wajukuu, thubutu! Septemba 2015 alijiandikisha kusoma sayansi ya siasa na utawala katika chuo kidogo cha binafsi, ghorofani juu ya duka la vioo, darasa la wanafunzi tisa na feni isiyozunguka, ambako kila Ijumaa meza zilipangwa kuwa bunge, naye, kwa umri na kwa sauti, akachaguliwa Spika. Mwalimu aliwafundisha kwamba Spika hapigi kura mpaka kura zilingane, na hapo hafuati moyo wake, bali huchagua upande unaouacha mjadala uendelee. Kanuni hiyo akaileta nyumbani, hata rangi ya mapazia ikapigiwa kura, jamani, tulikoma.

Mei 2018, mtihani wa mwisho ukiwa wiki inayofuata, daktari aligundua uvimbe tumboni, akataka apasuliwe haraka, wanawe wakaketi sebuleni, wawili wakisema uhai kwanza, wawili wakisema mama ameusubiri mtihani huu maisha yake yote. Kura zikalingana. Sote tulijua anautaka mtihani kuliko chakula, lakini alifuta machozi, akasema mtihani hurudi, mtu harudi, akaenda kupasuliwa. Mwaka uliofuata aliufanya, na Novemba 2019 akavaa joho, wenzake waliokwishahitimu wakaja kumpigia vigelegele.

Ugonjwa ulirudi Januari mwaka huu, akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, wanawe wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake wa halmashauri, na mwalimu wake na wanadarasa wale wanane, ambao leo wameketi mstari mmoja.

Jana wanawe walijadili kama azikwe na joho lake, au libaki kwa mjukuu wake wa kwanza, aliyejiunga na chuo kile kile, wakagawanyika wawili kwa wawili, nasi sote, bila kuambizana, tukageuka kukitazama kiti chake, tukalia sana. Kisha kitindamimba akatukumbusha kanuni, na ndiyo sababu joho mnaliona limevaliwa na binti yule pale mbele.

Dada, mjadala unaendelea, wewe pumzika kwa amani.