Ugonjwa wa Sonara

Asubuhi hiyo, kwenye kijiwe cha Nurudini mbele ya fundi baiskeli mjini Kasulu, kahawa ilikuwa imeiva na ubishi nao umeiva. Castory wa bodaboda alikuja bila utani wake. Mkewe Theodosia, mwenye mimba ya miezi saba, hali wala halali, analia tu akiutazama ukuta. Jana kliniki daktari alimtajia Castory ugonjwa wenyewe, akasema wamrudishe Jumatatu. Kwa hofu ya kumpoteza mama na mtoto, Castory alitoka na neno moja tu kichwani.

— Kasema ana sonara.

— Sonara? — akadakia Marselino, ambaye kijiwe kizima humwita Redio kwa kuwa hazimiki. — Si fundi wa dhahabu huyo? Basi mkeo anataka hereni!

— Hajawahi kuniomba hata shanga.

— Ndiyo ugonjwa wenyewe! Kaificha hamu, imeshukia tumboni.

Mzee Makarius, aitwaye Sheria tangu alipotoa ushahidi mahakamani mara moja tu maishani, akakohoa.

— Wahenga walisema, vyote ving'aavyo si dhahabu. Maana yake dhahabu ni chache, iwahi!

— Na kulia je, mzee? — Castory akauliza.

— Haba na haba hujaza kibaba. Leo machozi kikombe, kesho ndoo.

— Wangu alikula udongo wa kichuguu, — Nurudini akasema akimimina. — Lakini dhahabu, eh!

— Siyo mama, ni mtoto! — Redio akasimama kabisa. — Mimi nimekaa machimboni. Mtoto wa tumboni husikia yaliyo ardhini. Chimba chini ya kitanda, Castory, utanikumbuka!

Castory hakucheka. Alikuwa anaogopa, na mwenye hofu huamini lolote. Moyoni alishamuuza mbuzi wake, akanunua hereni.

Mwalimu Ghati, aliyehamia juzi juzi kutoka Tarime, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Mwakeye, — akawasalimu kwa Kiha chake kipya. — Samahani kaka, daktari alisema sonara, au sonona?

Castory akafumba macho kuitafuta sauti ya daktari.

— Sonona! Eh, sonona!

— Na hiyo inauzwa wapi? — Redio akauliza.

— Haiuzwi. Ni huzuni inayogeuka ugonjwa. Mimi ilinishika kwenye mimba ya kwanza, nikadhani nimelogwa.

— Ukapona, mwalimu? — Castory akauliza.

— Nilitibiwa, nikapona. Na mwanangu yupo, mtundu huyo hadi majirani wananihurumia.

Castory akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia la mahindi kichwani. Mkewe hakulogwa wala hakumchoka. Alikuwa mgonjwa, na wagonjwa hupona.

— Ila asiachwe peke yake na mawazo, — Ghati akasema. — Sasa hivi yuko na nani?

Sheria akaanza kutafuta methali. Castory alishawasha pikipiki.

Alimkuta Theodosia ameketi kizingitini.

— Mbona mapema?

— Nimekuja kukaa na wewe.

— Kukaa tu?

— Kukaa tu. Ni ugonjwa, mke wangu, na unapona. Jumatatu tunarudi wote kliniki.

Machozi yakamtoka Theodosia, lakini safari hii hakugeukia ukuta.

— Mimi nilidhani nimekuwa mtu mbaya, — akasema, akasogea kumpisha akae.