Haki Aliyovikwa Danieli Fumo

Ndugu waombolezaji, Waislamu na sisi Wakristo wachache wa Kismayo, poleni kwa msiba, mimi ni Salme, kifungua mimba wa marehemu, naye mwenyewe amenikataza kumsifu, kwa hiyo msinitazame vibaya.

Baba yetu, Danieli Fumo, alizaliwa hapa Kismayo tarehe 4 Machi 1941, wazazi wake wakiwa Wakristo waliohamia kutoka Mto Tana, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1957, kisha akaenda kisiwani Chovai kujifunza kuvua kasa kwa chazo, yule samaki anayefungwa kamba mkiani, akaachiwa, akamng'ang'ania kasa mpaka wote wawili wavutwe chomboni.

Mwaka 1962 baba, kwa kijicho tu, alikata kamba ya chazo wa Mzee Aboud, chazo aliyefugwa na kulishwa kwa mkono, na kwa mila ya pale mkosaji wa namna hiyo hatii mguu chomboni msimu mzima. Wazee walipokwisha kuhukumu, Aboud, yeye aliyedhulumiwa, jamani, akasimama akaomba adhabu iwe yake, akakaa nchi kavu msimu wote akitengeneza nyavu za wenzake, na baba akakalishwa mahali pake chomboni, akapewa heshima ya Aboud, hali mkono wake ndio ulioshika kisu. Mafundisho ya kanisa juu ya kuhesabiwa haki alikuwa ameyakariri tangu utotoni, lakini alituambia kuwa siku ile ndipo yalipomtetemesha, kwamba mwenye haki hubeba hukumu ya mkosaji, na mkosaji akapokewa kwa jina lisilo lake.

Tarehe 9 Septemba 1970 alimwoa mama yetu, Barke, wakajaliwa mimi, Fakihi na Maimuna, akafanya useremala wa vyombo hadi ini lilipomlaza mwaka jana.

Hospitalini hofu ya kusimama mbele za Mungu ilimshika, na kila aliyemkumbusha wema wake alimfukuza, mpaka juzi Mzee Aboud alipokuja kutoka Chovai, baba akamwomba radhi tena kwa ile kamba, na Mzee Aboud, ambaye hasahau hata kuku wa jirani, akamuuliza ni kamba gani hiyo. Baba akacheka huku analia, akalala, na Jumatano alfajiri, tarehe 11 Juni 1986, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, mafundi wenzake mliochonga jeneza, na wewe Mzee Aboud, wallahi naogopa hata kukutazama. Najua mnataka kumwita mtu mwema, lakini yeye aliomba mseme kuwa alisamehewa.

Lala kwa amani, baba, ndani ya haki usiyoichuma wewe.